YAH: Malalamiko kuhusu vibakuli vyenu vya "chakula cha moto"

Chikongola, Mtwara

Kwa Meneja Mauzo,

Mimi ni muuza uji. Mwezi wa sita nilinunua kwa wakala wenu hapa Mtwara katoni ya vibakuli 48 vya plastiki ngumu, ile inayoonyesha ndani, kwa Sh 86,000. Risiti ninayo. Kwenye katoni mmeandika "Salama kwa chakula cha moto", nami nikaamini. Uji wangu ni wa ulezi na unga wa korosho, unamiminwa ukiwa unachemka, na wateja wangu wengi ni wajawazito wanaotoka kliniki.

Siku ya tatu mteja alifunua mfuniko, akanirudishia. "Dada, uji wako unanuka ndoo mpya." Nikanusa. Kweli. Wiki ya pili vibakuli vitano vilishaingia ukungu, havionyeshi tena ndani vizuri.

Nikapiga namba yenu ya huduma kwa wateja. Kijana akauliza, "Mama, kuna mtu ameumwa tumbo?" Nikasema hapana. "Basi hakuna tatizo."

Jibu hilo ndilo lililonikalisha kuandika, kwa sababu ninachokihofia hakiumizi tumbo. Bisfenoli A, kemikali inayotengenezea plastiki ngumu ya kuonyesha ndani iitwayo polikaboneti, hutoka kidogo kidogo ikikutana na joto. Mwilini hujifanya estrojeni, ile homoni ya kike, ikawasha au kuzima jeni wakati si wake. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha habari za panya wenye mimba waliolishwa kemikali hiyo: watoto wao wengi zaidi walitoka na manyoya ya njano, maana alama za methili, vialama vya kemikali vinavyokaa juu ya jeni na kuituliza, zilipungua kwenye jeni moja. Panya wa njano wa jamii hiyo huelekea kunenepa na kupata kisukari. Mama zao walipoongezewa foliki, ile vitamini ya wajawazito, pamoja na virutubisho vingine vinavyotoa methili, athari ikazuilika. Ni foliki hiyohiyo wanayopewa wateja wangu kliniki, halafu wanakuja kunywa uji kwangu!

Najua, panya si mtu. Lakini Ulaya walishapiga marufuku chupa za watoto zenye bisfenoli A tangu 2011, na 2023 mamlaka yao ya usalama wa chakula ikapunguza mara 20,000 kiwango cha kemikali hiyo ambacho mtu anaweza kuvumilia kwa siku.

Sisemi vibakuli vyenu vinayo. Chini mmepiga pembetatu yenye namba 7, na namba hiyo maana yake ni "nyinginezo": polikaboneti imo, na zisizo na bisfenoli A zimo pia. Mnunuzi atajuaje?

Nipeni kwa maandishi jina la plastiki hiyo. Mkisema bisfenoli A mmeiondoa, semeni mmeweka nini badala yake, maana ndugu yake, bisfenoli S, nayo huiga estrojeni. Na mnirudishie fedha yangu.

Vitano vyenye ukungu nimevitenga mvione. Viwili watoto wa jirani wanachotea mchanga. Vilivyobaki 41 vimo kwenye katoni, chini ya meza ya uji. Wakala wenu aje avichukue, asubuhi nipo.

Mteja wenu,
Muuza uji