Kwa nini kitana cha pambo kinadondoka kabla keki haijakatwa

Lalamiko linaloongoza dukani kwetu huja siku ya Jumatatu, baada ya harusi za Jumamosi: kitana hakishiki. Mteja anakirudisha kikiwa kizima, meno yote yapo, hakijapinda hata kidogo. Ukiuliza kilichomekwa kwenye mtindo gani, maelezo hayatofautiani sana. Nywele ziliwekwa dawa katikati ya wiki, zikaoshwa asubuhi ya shughuli, zikapakwa mafuta ya kung'arisha, kisha zikabanwa nyuma zikalala laini kama kigae. Kwenye kichwa hicho hata kitana cha bei ya juu kuliko vyote kingekuwa sakafuni kabla MC hajamaliza kutambulisha meza kuu.

Meno ya kitana yanahitaji kitu cha kung'ang'ania: fundo, msuko, au angalau nywele zilizokwaruzwa kidogo. Ndiyo maana tunawaomba wateja waanze na mtindo wa nywele, wahamie kwenye meno, ua na vito viwe vya mwisho. Wengi huanza na ua.

Kigeuze utazame nyuma

Uwe unanunua kwetu, Makoroboi au Soko Kuu hapa Mwanza, kigeuze kitana utazame meno na mgongo unaoyashika. Kwa nywele za singa au zenye dawa, nyembamba, meno ya sentimita 3 hadi 4 yanatosha. Yakizidi hapo yanapenya fundo na kutokezea upande wa pili, au yanachoma ngozi. Kwa nywele za kipilipili zilizojaa, au fundo la rasta, tafuta sentimita 6 hadi 8. Nafasi kati ya jino na jino nayo inakwenda na unene: milimita 2 kwa nywele nyembamba, 4 au 5 kwa nywele nzito.

Halafu fanya jaribio la pamba. Chukua kipande kidogo cha pamba ya duka la dawa, ukipitishe kwenye jino kutoka juu hadi nchani. Pamba ikiacha nyuzi, jino lina ukingo mkali. Kwenye plastiki ya bei rahisi ukingo huo ni mshono wa kalibu, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana na plastiki ikavuja kidogo katikati yake. Elekeza jino kwenye mwanga wa dirisha utauona, mstari mwembamba unaoshuka ubavuni. Mstari huo unakwangua unywele kila ukichomeka na kila ukichomoa. Vitana vya asetati, aina bora ya plastiki, hukatwa kwa msumeno kutoka kwenye bapa, kisha husuguliwa jino kwa jino. Havina mshono, na hapo ndipo bei yake inapotoka. Kwenye vitana vya waya pitisha kidole pale waya unapozungushwa mgongoni. Ncha iliyokatwa inatakiwa iwe imekunjwa kwa ndani. Ikiwa imesimama, itanasa nywele leo na shela kesho.

Jambo jingine ni mpindo. Kichwa ni cha mviringo, kwa hiyo kitana kirefu kilichonyooka kinagusa katikati tu, huku pembeni kikiwa kimening'inia hewani. Cha waya unaweza kukipinda mwenyewe: weka vidole gumba viwili katikati ya mgongo, bonyeza kidogo kidogo, jaribu kichwani, rudia. Cha asetati kinalainika kwa maji ya moto, lakini maji yakizidi moto kinakunjamana. Kazi hiyo tuachie sisi.

Uzito tunaupima kwa mizani ya jikoni. Chini ya gramu 25, kivae unavyotaka. Kati ya 25 na 50 kinahitaji fundo la kukibeba. Kikizidi 50 kinahitaji fundo na pini, na ni cha saa chache tu. Bibi harusi anayekivaa tangu saa nne asubuhi saluni hadi saa sita usiku ukumbini atalala na kichwa kinauma, na nywele za panjani ndizo za kwanza kunyofoka.

Fundo la nywele zenye dawa

Osha nywele siku moja au mbili kabla. Mafuta yabaki nchani, yasifike pale kitana kitakapokaa. Jeli ni sawa, ila isubiri ikauke kabisa, kwa sababu jeli mbichi inatelezesha meno kama sabuni.

Baada ya hapo tengeneza kishikio. Njia ya haraka ni kuchukua fungu la upana wa sentimita 3 pale kitana kitakapoingia, ulichane kinyume kuelekea mzizi mara tatu au nne, upulize spreyi, uache likauke, kisha ufunike kwa nywele za juu. Njia tunayoipenda zaidi ni ya msuko: mstari mmoja mwembamba kama penseli, urefu wa sentimita 4 au 5, unaolala chini ya fundo ukikingama njia ya meno. Hauonekani, na kitana kikishauparamia hakitoki bila ruhusa. Msusi anautumia dakika tano. Ajabu ni kwamba wengi hawausuki mpaka mteja auombe.

Kuchomeka kwenyewe ndiko kunakoharibiwa na haraka. Watu husukuma kitana moja kwa moja kama uma kwenye kiazi. Kinaingia vizuri, na kwa njia hiyohiyo kinatoka. Kishike kinyume: meno yaelekee paji la uso, uso wa pambo ulalie nywele. Kwa ncha za meno chota nywele chache zilizo kwenye ukingo wa fundo, kina cha milimita 5 hivi. Sasa kipindue kuelekea fundo, kama unavyogeuza chapati, na usukume meno yaingie chini ya fundo yakifuata ngozi ya kichwa. Zile nywele ulizozichota zimejikunja kwenye shina la meno. Hizo ndizo kufuli. Ukihisi ncha zinachoma, umeingia wima mno. Rudi nyuma, laza kitana, sukuma tena.

Ongeza pini mbili nyeusi zinazopishana kama alama ya kuzidisha juu ya mgongo, kila moja ikipita kati ya meno mawili. Upande wa pini wenye mawimbi ukae chini, kwenye ngozi. Wengi huuweka juu wakidhani ni urembo, kumbe mawimbi ndiyo yanayozuia pini kuteleza. Kisha inama kama unafunga kamba za viatu, tikisa kichwa, cheza hatua mbili. Kikisogea, anza upya pale pale saluni.

Rasta na mistari

Kwenye rasta jino linatakiwa kupita kati ya rasta na rasta. Likipenya katikati ya rasta moja linavuruga nyuzi, na ukilichomoa rasta inabaki na manyoya. Kwa hiyo meno machache, 5 hadi 8, nafasi ya milimita 5 au zaidi. Ukiona jino limetoboa, lirudishe kwa njia lilikopita, usilivutie pembeni. Kumbuka pia kwamba fundo la rasta zinazofika kiunoni ni mzigo tayari. Ukiligongelea kitana cha chuma kizito kisogoni, mzigo wote unavuta mizizi ya mbele. Kwa rasta tunauza vyepesi, hata kama mteja ameshapenda kile kikubwa cha kabatini.

Mistari ina kanuni yake. Meno yakifuata mwelekeo wa mistari yanatumbukia kwenye njia na kuteleza hadi chini. Yanatakiwa kukatiza, yapite chini ya mistari miwili au mitatu. Kwa twende kilioni iliyokusanywa nyuma, kitana kikae pale mistari inapokutana. Kama hakuna fundo kabisa, kishonwe: sindano iliyopinda na uzi wa wivingi, mishono mitatu, mmoja kila mwisho na mmoja katikati, ukishika mstari wenyewe na kuacha ngozi. Siku ya pili kata uzi kwa mkasi mdogo, upande wa mgongo wa kitana.

Nywele za kipilipili zilizoachwa wazi hazina shida ya kushika, zinashika kila kitu. Shida huja usiku wakati wa kutoa, kwa sababu zimejizungusha kwenye meno. Hapo waya haufai. Tumia mti au asetati yenye meno marefu na mapana, bana nywele chini kwa vidole vya mkono mmoja, kisha vuta kitana kinyoofu bila kukilaza.

Wigi: shona kitana kwenye mistari ya wigi, kamwe si kwenye leisi ya mbele, maana inachanika. Nywele zenye dawa zilizo fupi kuliko sentimita 5: nunua kibanio, utafurahi zaidi. Mtandio wa shifoni: meno yanaacha matundu, kwa hiyo chagua pambo la pini.

Shela na upepo wa ziwa

Picha za Capri Point, na zile zenye jiwe la Bismarck nyuma, hupigwa alasiri kwa sababu ya mwanga. Upepo wa kutoka ziwani nao huwa umeshaamka. Shela la mita tatu kwenye upepo ni tanga, na kitana kimoja ndiyo mlingoti wake. Kama shela limeshonwa kwenye kitana kimoja kilichochomekwa kutoka juu kwenda chini, upepo wa mbele unalivuta kwa nyuma na meno yanafuata.

Tiba ni vitana viwili vinavyotazamana. Cha kwanza kinashika shela, kimeingia kutoka juu. Cha pili, kidogo, cha waya, kinaingia kutoka chini ya fundo kupanda, meno yake yakipishana na ya kwanza. Upepo ukivuta kimoja unakaza kingine. Pambo lenye vito liwe kitana cha tatu kisichobeba shela, ili shela likivuliwa baada ya kanisa au nikaha, pambo lisiguswe. Na mwambieni mshonaji atumie mishono midogo inayozunguka kila nafasi kati ya meno. Shela lililogandishwa kwa gundi ya moto tumeshalipokea mara nyingi, gundi huku, kitana kule.

Kimetengenezwa kwa nini

Vile vyenye mabaka ya njano na kahawia, watu wazima hutuuliza kama ni gamba la ng'amba. Siyo. Ng'amba ni kasa wa baharini, na tangu mwaka 1977 biashara ya kimataifa ya gamba lake imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaolinda wanyama na mimea iliyo hatarini. Tunachouza ni asetati iliyopakwa mabaka ya kuiga.

Ukiwa na kitana cha zamani cha bibi, kisugue kwa kidole gumba mpaka kipate joto, unuse. Kikitoa harufu ya kafuri ni seluloidi, plastiki ya kizamani, na seluloidi inashika moto upesi mno. Kitunze kwa ukumbusho, ila kisikaribie drayeri wala mshumaa.

Mpingo halisi ni mzito kiasi kwamba unazama majini. Mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu unaelea, na ukiusugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu unaacha weusi. Pembe ya ng'ombe ni nzuri na nyepesi, lakini usiiloweke, inajipinda ikikauka. Mpingo na pembe vifute kwa kitambaa chenye unyevu, kisha tone la mafuta ya nazi mara moja kwa mwezi.

Asetati na plastiki: maji ya uvuguvugu, sabuni ya mche kidogo, mswaki wa zamani wa kuondoa jeli iliyoganda kwenye mizizi ya meno. Usitumie spiriti, na dawa ya kuondoa rangi ya kucha usiisogeze kabisa, inayeyusha. Vya chuma vikianza kuacha ukijani au kichwa kuwasha, rangi ya juu imeisha na chuma cha ndani kinagusa jasho. Acha kukivaa hicho.

Kujaribu ni bure, Jumanne hadi Alhamisi, siku ambazo hatuna foleni ya maharusi. Njoo na picha ya mtindo, au mlete msusi wako mwenyewe. Kama ni wigi, njoo nalo; kama ni shela, lije kabla halijashonwa kwenye chochote. Wanaotoka Sengerema na Ukerewe watutumie kwanza picha ya kisogo, nywele zikiwa zimebanwa, na rula imewekwa kando ya fundo. Kwa picha hiyo tunakuwekea vitana vitatu au vinne tayari, usipoteze siku nzima mjini kwa kitu cha sentimita nane.