Roketi yenye kazi ya jiwe la mizani

Mbale, 14 Juni

Swahiba Wafula,

Salamu kutoka huku chini ya Mlima Elgon. Watoto wazima, mvua tele, na msimu wa kahawa haujashika moto, kwa hiyo nina muda wa kukujibu vizuri.

Uliniuliza kwenye simu: roketi inayopaa na kuanguka ndani ya robo saa ina faida gani? Unalikumbuka lile sanduku la mawe ya mizani ninayokagulia mizani za watu, ulilotaka kuzuilia mlango nikakufokea? Basi kuna roketi ambayo kazi yake ni ya sanduku lile.

Wamarekani walirusha satelaiti ya SDO, ya kuchunguza jua, mwaka 2010. Ndani yake mna kipimo kiitwacho EVE, cha kupima miale mikali ya urujuanimno ya jua, ile inayonyonywa na hewa ya juu kabla haijatufikia, ikaipasha joto hewa hiyo mpaka ikatanuka. Shida ni kwamba miale hiyohiyo inakiharibu kipimo. Mvuke kidogo wa gundi na plastiki za chombo chenyewe hutua kwenye vichujio, jua linauchoma, unabaki kama masizi. Wewe unajua kwa nini sishiki mawe yangu kwa mkono mtupu: jasho nalo lina uzito. Sasa namba zikishuka, utajuaje kama jua limefifia au jicho ndilo limeingia ukungu?

Ndipo wanapompandisha pacha wa EVE, yaani kipimo kingine cha aina hiyohiyo, kwa roketi ya Black Brant kutoka White Sands, New Mexico. Kwa dakika kama tano hivi wote wawili wanalitazama jua lilelile, wakati uleule, namba zinalinganishwa.

Na pacha naye anaaminiwa kwa lipi? Hapo ndipo waliponifurahisha. Kabla ya safari hupelekwa Gaithersburg, Maryland, kwenye mtambo wa SURF wa NIST, taasisi ya vipimo na viwango ya Marekani. Humo elektroni huzungushwa kwa kasi zikatoa mwanga ambao ukali wake unajulikana kwa hesabu. Akishatua jangwani kwa parachuti anaokotwa, anarudishwa kulekule kupimwa tena. Tena, Wafula! Huku kwetu mtu akishapata stika ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, mizani itaanguka toka kwenye bodaboda na bado atapimia watu kahawa.

Ukija, niletee ile mizani ya shemeji. Mwambie asiisafishe wala asiguse skrubu. Nataka kwanza nione inakosea kiasi gani.

Wako,
Kuloba