Chebet, usilipeleke lile jedwali kwanza

Kisumu,
Jumapili jioni

Mpendwa Chebet,

Salamu nyingi, dada. Mama anaendeleaje na mguu? Sisi huku hatujambo, ila joto. Otis amepata kazi Bondo, habari kamili atakupa mwenyewe. Mengine yatangoja, kwa maana jedwali la unyevu wa udongo ulilonitumia, lile la vipimo vya setilaiti, limeninyima usingizi.

Tafadhali usilipeleke mkutanoni kabla hujamaliza kusoma barua hii. Linasema udongo wa tambarare ya Kano, huku kwetu, umeloa. Juzi nilikuwa Ahero: ule udongo mweusi umepasuka, ukitia mkono kwenye ufa unazama mpaka kifundo, na mpunga wa walio mbali na mfereji umejikunja majani. Setilaiti haijadanganya, Chebet. Imeona Ziwa Victoria.

Unajua SMAP, hiyo setilaiti ya NASA ya kupima unyevu wa udongo, inavyofanya kazi. Tangu 2015 inapita saa kumi na mbili, asubuhi na jioni, ikipokea kwa antena ya mita 6 mnururisho hafifu unaotoka ardhini, kwenye gigahezi 1.41. Udongo mkavu hutoa mwingi, uliolowa hutoa kidogo. Mnururisho huo tunautaja kwa kelvini, kipimo cha joto. Lakini kifaa chenyewe hakijui kelvini, kinajua nguvu ya umeme tu, na nguvu hiyo huyumba kadiri kinavyopata joto na kupoa. Ndiyo maana kila mara kinajilinganisha na kitu cha ndani ambacho joto lake linajulikana, kinapimwa juu ya bahari kuu ambako mnururisho unaweza kukokotolewa, na pengine chombo kizima hugeuzwa kikatazame anga tupu, kelvini 2.7. Ni kama mama wa sokoni anavyohakikisha mshale umesimama kwenye sifuri kabla hajaweka mbuta kwenye mizani. Kazi yote hiyo, ili kosa lisizidi kelvini 1.3!

Sasa tazama. Kwa mpigo mmoja inaona eneo la upana wa kilomita 40 hivi. Kutoka Ahero, hapo ghuba ya ziwa imo. Tuseme nchi kavu inatoa kelvini 270 na maji 100. Maji yakiwa robo tu ya eneo, wastani unashuka hadi 227 na ushei. Zaidi ya kelvini 40 zimepotea, wala mvua haijanyesha! Watu wamehangaikia kelvini moja huko juu, sisi tunamwaga arobaini ukingoni mwa ziwa.

Yako matoleo ya data za SMAP ambayo athari ya maji ya ziwa imeondolewa kwa hesabu. Jedwali hili linaonekana limetumia joto la mng'ao (zile kelvini za mnururisho) lilivyo, bila kutoa maji, na waliokupa hawakuandika popote. Hilo limenikera sana. Mtu akikupa namba ya unyevu, akwambie pia imepimwa dhidi ya nini.

Nawafikiria wale wa Kano. Mkutano ukisoma "umeloa", nani atawasikiliza wakisema wamekaukiwa? Mama Atieno alipanda kwa mkopo, unajua.

Nina ombi. Huko kwako Njoro ni mbali na ziwa letu, na Ziwa Nakuru ni dogo. Nichimbie udongo wa juu, sentimita 5 tu, sehemu kadhaa za shamba, asubuhi ambayo setilaiti inapita, ratiba nitakutumia. Funga kwenye makopo yenye vifuniko, pima uzito palepale, kisha kausha kwa nyuzi 105 kwa saa 24, upime tena. Mimi nitafanya hivyohivyo Ahero. Tukiwa na udongo wa pande zote mbili, mwenyekiti atatusikiliza, hata kama yule bwana wa ramani atakuwepo.

Je, oveni ya maabara yenu bado inafanya kazi? Mkutano ni wiki hii au ijayo? Waliokupa jedwali wana data ghafi, na wewe unaweza kuwaomba? Na lile toleo lililoondolewa maji, umewahi kulifungua, au nikutumie? Nijibu hata kwa ujumbe mfupi, lakini kabla ya Jumatano.

Wako,
Akinyi