Limau lisiguse kopo la mzee

Ng'ambo, Tabora

Mtani wangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako, mama watoto na wote hapo Kigoma, Mwisho wa Reli. Sisi wazima. Mvua inatutega, maembe yameiva yote kwa mpigo na watoto wanashinda wakilalamika matumbo. Mengine nitakueleza tukionana, maana hili lililonifanya nishike kalamu halingoji.

Bi Mwanaidi, mjane wa mzee wetu, kanipigia simu kutoka Ujiji. Lile kopo la sarafu za kale za marehemu limepatikana mvunguni. Na yule mpwa wake wa bodaboda ameshaandaa malimau, majivu na stili waya, anataka azisugue sarafu zote zing'ae ndipo azipeleke kwa sonara! Nilimwambia Bi Mwanaidi alilalie hilo kopo ikibidi, lakini unamjua, hajawahi kumkatalia yule kijana kitu.

Nakuomba, panda daladala hata leo jioni. Toka hapo Mwanga mpaka Ujiji si safari ya kumlilia mtu.

Unakumbuka mzee alivyotutolea ile heller 20 ya Tabora, sarafu ya enzi za Mjerumani? Si hizi zilizoletwa na meli kutoka Ujerumani. Ile ilipigwa kwetu huku, karakana ya reli pale Lulanguru, mwaka 1916, wakati Waingereza wameziba bahari na Mjerumani hana fedha za kuwalipa watu wake. Wakachukua shaba waliyokuwa nayo, nyekundu na ya manjano, hata maganda ya risasi za mizinga, wakagonga haraka haraka hadi Wabelgiji walipouteka mji mwezi Septemba. Ya mzee ni ya manjano. Aliishika ukingoni kwa vidole viwili, akaigeuzia kwenye mwanga wa dirisha: taji, DOA (yaani Afrika Mashariki ya Mjerumani), mwaka, na ile T ndogo ya Tabora. Imeiva rangi ya tende, na ina doa la kijani karibu na tarakimu ya 2. Wewe ulitaka kulikwangua kwa ukucha akakupiga kofi la mkono, nasi tukacheka.

Sasa fikiria stili waya juu ya kitu kile. Ile rangi imejijenga kwa zaidi ya miaka mia, ikishatoka haina kurudi, na mtu anayejua sarafu akiona mikwaruzo anairudisha mezani bila hata kuuliza bei. Sonara naye ataipima kama shaba chakavu. Mwambie mpwa hivyo hivyo, kwa lugha ya pesa, ya historia hataisikia.

Nawe usije ukadhani naitaka mimi. Kopo ni la mjane. Akitaka kuuza auze, hata kwa mtu wa mbali, ila ajue kwanza anauza nini. Baraza letu la wapenda sarafu halina uwezo wa kumpa bei ya haki, na kumdanganya siwezi.

Halafu kuna ile ya dhahabu, rupia 15, nayo ya karakana ile ile, yenye tembo na mlima nyuma yake. Zilipigwa elfu kumi na sita na ushei tu, lakini hapa Tabora kila mtu ana babu aliyezika moja chini ya mwembe. Ukiikuta koponi (huikuti) usishangilie. Halali yake ni gramu 7 na kidogo, dhahabu ya karati 18. Bandia ni nyingi. Mzee hakuwahi kuitaja, ingawa mzee naye kwa siri zake…

Jumapili tulipokuwa kwenye kahawa alirudi yule bwana anayedai rupia yake ina nguvu za ajabu za kuvuta mchele. Safari hii kaja na rupia ya Kaizari mwenye kofia ya tai, anataka milioni. Mzee Saidi akamuuliza kama maharage nayo inavuta. Aliondoka kanuna, kashata hakulipa. Ametupotezea saa nzima, na kile kijana cha Isevya kilikuwa kimekuja na sarafu zake za 1966, senti 20 ya mbuni, senti 50 ya sungura na shilingi ya mwenge, safi kabisa. Amebakiza kuitafuta senti 5 ya samaki, ile yenye pembe 12. Nilifurahi kumwona. Tulidhani tutazeeka na mambo haya peke yetu.

Turudi kwenye kopo. Ukifika usioshe chochote, hata kwa maji matupu. Kila moja ifunge kwenye karatasi nyeupe kavu. Usitie kwenye nailoni, plastiki nyingine hutoa jasho la kijani linalokula shaba. Andika zilivyo, piga picha pande zote mbili, kisha mkabidhi Bi Mwanaidi mwenyewe mkononi. Mpwa asishike.

Je, utaweza kwenda leo? Simu yako imepona au bado unaazima ya Zuhura? Kile kioo cha kukuzia nilichokuachia kipo, au watoto wameshachomea nacho karatasi? Dagaa wameshuka bei? Nikikutumia asali kwa treni, nani atapokea stesheni? Na lile deni la fundi wa boti limeishia wapi?

Nasubiri simu, hata usiku wa manane.

Wako,
Kulwa