Kabla ya jeni, muulizeni mgonjwa baba yake alikufaje

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Habari yenu ya kupima jeni ili mwenye makovu ya mapafu apandikizwe pafu kwa mpango unaomfaa yeye ndiyo imenikalisha chini. Mmeiandika kana kwamba foleni inaanzia Kirumba, hapa kwetu Mwanza. Figo zenyewe tumeanza kupandikiza mwaka 2017, pale Muhimbili, nanyi mmeshatufikisha kwenye mapafu!

Sayansi yenyewe siipingi. Aliyerithi telomia fupi, zile ncha za kromosomu, huweza kuota mvi mapema na mapafu yake kuota makovu; naye akishapandikizwa, dawa za kuzuia mwili usilikatae pafu jipya huweza kumshusha chembe za damu. Akijulikana mapema, dawa zake hupangwa kwa tahadhari. Hilo, ambalo ndilo la maana, mmelificha mwishoni. Juu mmeipamba MUC5B, jeni inayohusishwa na makovu hayo, bila kusema kwamba badiliko lake limeenea kwa wenye asili ya Ulaya na ni adimu kwetu Waafrika.

Dada yangu mkubwa alibanika sangara pale soko la samaki la Mwaloni mpaka ikawa kupanda mawe ya Mabatini kurudi nyumbani lazima apumzike njiani. Zahanati ikampa dawa za TB. Makohozi hayakuonyesha kitu, akapewa tu. Akamaliza, kikohozi kikavu kikabaki palepale, akaanzishiwa upya! Ncha za vidole zilikuwa zimevimba, kucha zimebinuka, yeyote mwenye macho angeziona. Mhudumu akamwambia apunguze chumvi. Na mvi alianza kuziota hajafika miaka 30, sawasawa na marehemu baba, ambaye naye alikohoa hivyohivyo akafa, ukoo ukasema karogwa. Hakuna aliyemuuliza dada hata moja kati ya hayo, mpaka daktari mmoja kijana alipomwekea sikio mgongoni kwa utulivu, akamtuma picha ya CT. Makovu matupu. Dawa za kupunguza kasi zipo, Marekani waliziidhinisha mwaka 2014. Nilipotaja mojawapo, pirfenidone, kwenye duka la dawa, muuzaji aliniuliza kama ni ya ng'ombe.

Sasa anapumulia mashine ya oksijeni, na hapo ndipo tunapokutana na umeme. Unakatika jioni, taarifa ya kukatika inaingia kwenye simu ukisharudi. Baa ya jirani ina jenereta, bia hazikosi ubaridi, dada yangu ndiye anayepepewa kwa kanga.

Napendekeza kadi ya kliniki iongezwe mistari miwili: "Nani kwenu alikohoa hivi akafa?" na "Mvi zilianza lini?" Nina duka la steshenari; karatasi natoa mimi, kuchapa nachapa mimi. Wino wangu ni mweusi tu, wanaotaka nembo ya rangi wasubiri ufadhili.

Msomaji wenu,
Mabatini, Mwanza