Kabla hamjasema ni meno

Mabinti zangu wa kikoba cha Jumamosi,

Salaam. Haya ningeweza kuyasema kwa mdomo, ila nikianza kusema nakasirika, nanyi mkiniona nimekasirika mnacheka. Bora niandike.

Jumamosi iliyopita mwenzenu alikuja na kichanga chake cha miezi mitatu. Analialia, udenda unamtiririka hadi kifuani, ngumi mdomoni. Kabla hata hatujafungua sanduku, watu watatu walishamtia kidole kinywani, kidole ambacho muda si mrefu kilikuwa kinahesabu noti. Wote mkakubaliana: meno hayo, yamewahi. Kisha mmoja wenu akamnong'oneza mama mtu kwamba anamjua mzee anayetoa meno ya plastiki, yale yanayodaiwa kuota ufizini mwa kichanga na kumwuguza. Nilisikia. Masikio yangu bado mazima.

Udenda kwanza. Mtoto akifika miezi miwili, mitatu, mate huongezeka, naye hajajua kuyameza vizuri, basi yanamwagika. Mikono nayo ndiyo kwanza ameijua, ataila kutwa. Hiyo ni dalili ya umri. Kulia kwa jioni pia kuna umri wake: huzidi kwenye wiki ya sita hivi, kisha hupungua kuelekea mwezi wa tatu au wa nne. Ndicho mnachokiita mchango wa tumbo na kukimbilia vichupa vya dukani. Na msisahau chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Jana kachomwa paja, leo kachemka, bibi yake anasema meno.

Wengi huota jino la kwanza karibu na mwezi wa sita. Wapo wa mwezi wa nne, na wapo wanaofikisha mwaka wakiwa vibogoyo, wazima kabisa. Mjukuu wangu mmoja aliota akiwa na miezi mitatu na nusu, kwa hiyo sisemi haiwezekani. Wapo hata wanaozaliwa nalo. Hilo likiwa linacheza mpelekeni hospitali, lisije likang'oka likampalia. Lakini jino linalokuja hujionyesha. Mara nyingi ni yale mawili ya mbele, ya chini. Ufizi huvimba mahali pamoja, pakawa peupe kidogo, na ukipitisha kidole kilichonawa unahisi ncha. Mtoto anang'ata chuchu, analala vibaya siku mbili tatu, lakini katikati anacheka na ananyonya. Yakianza ya juu msishtuke. Pwani wazee walimwita mtoto huyo kigego, wakamhesabu mkosi, na mama yake akabeba lawama ya bure.

Jino halileti homa kali wala kuharisha. Najua mama zenu walisema linaleta. Hata mimi nilisema. Tulidanganywa na kalenda. Mwezi wa sita ndio meno huanza, na ndio uji huanza, ndio mtoto anatambaa na kutia mdomoni kila anachookota, na ile kinga aliyotoka nayo kwa mama yake imeshapungua. Akiugua tunalitazama jino, kwa kuwa ndilo linaloonekana.

Sasa hilo la plastiki. Mwaka 1988 mwanangu wa pili, miezi mitano, aliharisha siku nne na mwili unawaka. Nikapelekwa kwa mtu. Akafunua ufizi, akanionyesha vivimbe vyeupe pande zote mbili: "Haya hapa." Akavichimba kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Vikatoka vitu laini, vyeupe, kama punje changa za mahindi, nami nikaamini kwa macho yangu. Mtoto akaendelea kuharisha. Aliponea wodini, kwa dripu na chumvichumvi. Miaka mingi baadaye daktari wa meno ndiye aliyenieleza kwamba zile zilikuwa chonge zake, bado changa ndani ya ufizi, ambazo kila mtoto anazo na hutoka karibu na mwaka na nusu. Laini kwa sababu hazijakomaa, basi. Chonge moja ya ukubwani ilikuja imepinda, nyingine haikuja hadi leo, naye akicheka huweka mkono mdomoni. Na wangu alibahatika. Wapo waliokufa kwa kuvuja damu, na kwa pepopunda ya chuma kile.

Kwa hiyo mtoto akisumbua, lishikeni kwapa kabla ya ufizi. Aliye chini ya miezi miwili, joto la kwapani likifika 37.5, ni hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Mkubwa zaidi akiwa na homa, apimwe malaria. Anavutavuta sikio na kulia akilazwa, huenda ni sikio. Ana utando mweupe ulimini usiofutika, ni fangasi. Akiharisha, nyonyesheni zaidi, mkachukue chumvichumvi na zinki zahanati. Wa chini ya miezi sita ni nusu kidonge kwa siku, hata kama kuharisha kumekoma mmalizie siku mlizoambiwa. Akikataa kunyonya, akilegea, akitapika kila kitu, akipata degedege, hapo hatuulizani.

Na likiwa jino kweli? Kitambaa safi kilicholowa maji baridi yaliyochemshwa, akitafune mkimshikia. Sugueni ufizi taratibu kwa kidole. Dawa za kupaka za kutia ganzi achaneni nazo, na asali msimpe kabla ya mwaka.

Mama wa yule kichanga, njoo kwangu Jumanne asubuhi na kadi ya kliniki, tutazame uzito wake. Nyie wengine, Jumamosi nitakuja na kipimajoto changu, na ndoo ya maji na sabuni nitaiweka mlangoni.

Bibi yenu