Anayetaka kuvua besi Naivasha ajifunze kurusha kabla ya kupanda boti

Mhariri,

Likizo zikikaribia, sisi wenye boti hapa Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, huanza kupigiwa simu na vijana wa Nairobi na Nakuru wanaotaka kuvua besi kwa fimbo. Karibuni sana. Lakini nina ombi kwao, na kwa wanaowauzia vifaa.

Besi si samaki wa katikati ya ziwa. Aliletwa Naivasha kutoka Marekani miaka ya 1920 ili watu wavue kwa burudani, na tabia zake hazijabadilika. Hujibanza kivulini, ukingoni mwa mafunjo au chini ya magugumaji, akivizia samaki wadogo na wale kamba wekundu walioletwa mwaka wa 1970. Chambo kikianguka mbali na mafunjo, mara nyingi hajisumbui. Kikitua kwa kishindo, ametoroka. Mrusho unaofaa hapa ni wa chini kwa chini: chambo kinatoka usawa wa kiuno, kinapita karibu na uso wa maji na kutua kimya hatua moja tu kutoka kwenye mafunjo.

Sasa mteja anafika na fimbo ya futi kumi na mbili, kwa kuwa muuzaji alimwambia ndefu ndiyo hurusha mbali. Hiyo ni ya mtu aliyesimama ufukweni Malindi, bahari yote iko mbele yake. Ndani ya boti ya watu wanne, ndoana inapita masikioni mwa wenzake na kuishia kwenye mafunjo. Halafu ananiambia, “Mzee, tusogee tuitoe.” Mzee hasogei! Mle ndimo kiboko hujipumzisha mchana, na kiboko hakuulizi umefuata nini. Mimi hukata uzi. Wapo wanaonuna, maana chambo cha plastiki nacho kina bei yake.

Nunua fimbo ya futi saba au saba na nusu, ngumu kiasi, inayopinda karibu na ncha tu, ili sehemu ya chini iwe na nguvu ya kumvuta samaki kabla hajauzungusha uzi kwenye mizizi. Rili, yaani kigurudumu cha kuzungushia uzi, iwe ile inayokaa juu ya fimbo, ambayo uzi wake unaudhibiti kwa kidole gumba. Uzi wa kuhimili kilo 7 hadi 9 unatosha. Pale dukani, inyooshe fimbo mbele yako kwa mkono mmoja, ukae nayo hivyo kwa muda. Kifundo cha mkono kikianza kulalamika, irudishe, hata kama ni ya bei ghali.

Kisha nenda uani na karai, uliweke mbele yako liwe shabaha. Funga mwishoni mwa uzi chubwi, yaani kizito, ya gramu 10 hadi 14, bila ndoana. Kaza ile skrubu ya pembeni mwa rili mpaka chubwi ishuke polepole. Achilia uzi hadi chubwi ining'inie usawa wa rili, ishike kwa mkono wa pili, ncha ya fimbo ikitazama chini. Inua ncha kwa kifundo cha mkono, si kwa bega, na papo hapo uiachie chubwi. Usiitupe kwa ule mkono mwingine. Fimbo ndiyo inayoipeleka. Gumba liguse uzi kidogo safari nzima, na libane kabla tu chubwi haijatua. Gumba likilala, utakaa nusu saa ukifumbua mafundo. Ukishazoea hatua nne tano, ongeza umbali, kisha sukuma karai chini ya benchi. Hapo ndipo utajijua: chubwi iliyopaa juu haiingii.

Siwezi kuahidi samaki. Tangu samaki waitwao kapi waenee ziwani humu miaka ya 2000, besi inabidi umtafute. Leseni ya uvuvi nayo ulizia mapema.

Wenzangu wenye boti nawasihi tuweke karai kwenye nyasi pale tunapopakia watu. Mteja arushe mara kadhaa kabla injini haijawashwa. Asiyeweza, tumtembeze akatazame furukombe na ndege wengine wa ziwani, na fimbo yake ibaki imefungwa.

Mwenye boti,
Karagita, Naivasha